Dume Anayeimba Hufa Kwanza

Saa kumi na mbili jioni, Mama Nyenje ameinamia beseni la saba, ametega sikio. Kimya. Anafunua chandarua, anainua trei tupu ya mayai wanamojificha nyenje wake na kumkuta dume mmoja amelala chali. Tumbo limetoboka, na pembeni yake funza mnene anajikokota.

"Huyu jana alikuwa anaimba," anasema. "Sauti ndiyo iliyomponza."

Mjane huyu wa miaka hamsini na mbili hufuga nyenje katika chumba cha uani na kuwauzia wafugaji wa kuku. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mama yake mzazi, ambaye haoni tena. Mwaka jana alikuwa na mabeseni arobaini. Leo yamebaki tisa. Majirani waliozoea kumlalamikia kelele sasa wanampa pole.

Anayewamaliza ni nzi wa kahawia, na huwatafuta kwa kuwasikiliza. Dume akimwimbia jike, nzi naye anaifuata sauti ileile. Anatua juu ya chandarua na kudondosha funza wadogo mno, wanaopenya matundu na kumla dume akiwa hai. Siku saba hivi, kwisha habari yake.

Kinachomuuma zaidi ni mkono wake mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitoa madume wasioimba na kuwatupia kuku, akidhani ni wagonjwa, na kuwaacha wenye sauti kali wazae. Ni afisa mifugo aliyemfumbua macho: wale bubu wamezaliwa na mabawa yasiyotoa sauti, na nzi hajui hata kama wapo.

"Kumbe nilikuwa namchagulia nzi chakula," anasema, machozi yakimlengalenga. "Miaka yote hiyo, jamani. Na kujisifu juu."

Sasa amebakiwa na madume bubu kumi na wanne. Amewachanganya na majike, ingawa wengi huwakataa wasioimba.

"Wakitaga, nitaanza upya na ukoo wa bubu. Wasipotaga, sijui nitamwambia nini mama."

Mara, katika beseni la tatu, dume mmoja anaanza kuimba.

"Afadhali," mama yake anasema kutoka chumba cha pili. "Nilidhani wamekwisha wote. Mwache aimbe, mwanangu."

"Sawa, mama."

Anapenyeza mkono chini ya chandarua, anampapasa mpaka anampata, na kumminya hadi sauti inakatika.