Maji ya Kijani ya Rejeta

Hadi leo nikisikia harufu tamu ya maji ya rejeta, ulimi wangu unakufa ganzi.

Asubuhi ile Baba alikuwa anamimina maji ya kijani ya kuzuia barafu kwenye gari letu kuukuu, maana tulikuwa tunakwenda Johannesburg kupitia milima yenye theluji. Sisi wa Durban barafu tuliijua ya friji tu. Tone likaniangukia kidoleni, nikalilamba. Lilikuwa tamu kama sharubati.

“Musiguse,” Baba akatuambia. “Iyi maji iko sumu. Ata kidogo inaua mutoto.”

Mama akatupanga kuzunguka gari, tukashikana mikono, akapaka mafuta ya upako kwenye boneti. Wote waliombea breki na matairi. Mimi nilifumba macho nikaomba nifike kwenye amina nikiwa hai tu.