Cherehani ya Papa

Juzi kwa kinyozi, mtaani Biwi, watu walibishana kama kila nyumba iruhusiwe bunduki. Harufu ya mafuta ya mashine ikanirudisha Dzaleka, kambi ya wakimbizi nilikokulia, alasiri moja Papa aliposafisha cherehani yake. Aliifungua yote, akapanga vyuma juu ya kitenge, akafumba macho, akaviunganisha tena bila kukosea. Nikapiga makofi.

“Papa, nani alikufundisha?”

“Bakubwa yangu ya mu pori, kule kwetu Fizi.”

Mama akaacha kusonga nsima. Mimi nikaamini porini kuna shule ya mafundi.

Leo nashona mwenyewe, na najua ni askari wanaofumba macho hivyo, wakisafisha bunduki.

“Na we unasema nini?” kinyozi aliniuliza.

“Papa alishika zote mbili, bunduki na cherehani,” nikajibu. “Cherehani njo alituachia.”