Njia Aliyoifunga Adrabo

Adrabo wa Lobule hajawahi kuelewa, na nani amlaumu, jinsi mtu mzima mwenye gari anavyoweza kuliacha gari lake chini, akavaa viatu vya bei mbaya, akapanda mlima mpaka magoti yakamtetemeka, kisha akashuka bila kuni, bila uyoga, bila hata kumsalimia mtu huko juu. Kwao mlima hupandwa kwa haja. Unapanda kwa sababu kuna msiba upande wa pili, au mbuzi wako amepotea, au unakimbia. Yeye mwenyewe aliupanda mara ya kwanza akiwa mgongoni mwa mama yake, miaka ile watu wa Westi Naili, pembe ile ya Uganda, walipokuwa wakikimbilia Congo na milio ya bunduki nyuma yao. Kiswahili chake alikiokota huko huko ukimbizini, sokoni, na waliporudi nyumbani alirudi kwa njia ile ile akitembea kwa miguu yake.

Njia hiyo huanza nyuma ya mashamba ya muhogo, huingia msituni, kisha hukwea mgongo wa mlima ikijipindapinda mpaka mahali wanapopaita Juu, bila jina jingine. Hapo Juu inagawanyika. Ukishika kushoto unafuata mgongo, halafu unateremka kwenye korongo lenye maporomoko, mahali pa baridi na utelezi ambapo zamani hakuna aliyekwenda ila wakata mianzi. Ukienda mbele unashukia Congo. Mpaka wa nchi mbili uko papo hapo, lakini hakuna wa kukuonyesha, maana majani ni yale yale na tumbili hawaulizwi kitambulisho.

Upande wa pili ndiko alikoolewa binti yake, Lillian. Mumewe, Jada, ni Mkakwa, kijana mpole kupita kiasi. Baba mkwe ni mzee Lukudu, na huyo si mpole hata kidogo. Tangu siku ya posa nyumba hizi mbili zilishika desturi ya wazee wao: mvua zikiisha, kila upande unafyeka nusu yake ya njia. Adrabo na ndugu zake wanapanda na mapanga, Lukudu na wanawe wanapanda kutoka kwao, wanakutana Juu, wanakunywa pombe ya kwete iliyobebwa vibuyuni na kutaniana mpaka jua linapinduka. Mtu akitaka kujua kama wakwe wanaelewana hana haja ya kuuliza. Anaitazama njia.

Na kuna kuifunga. Nyumba ikiwa na ugonjwa wa kuambukiza, hukata matawi ya mgunga, miiba na yote, ikayalaza yakakingama njiani. Wakati wa korona walifunga pande zote mbili, kwa kuelewana. Njia hufungwa pia kwa hasira, kwa miiba hiyo hiyo, ila kwa namna yake: shina la tawi huelekezwa kwa yule uliyemkasirikia. Huyo akilikuta, harudi kwako mpaka uliondoe mwenyewe. Haruki, wala haliondoi kwa mkono wake, na zaidi sana akiwa na mwanamke mwenye mimba, kwa kuwa wanasema hasira ya mkwe ikirukwa huingia tumboni. Vijana wa huko wanayacheka mengi ya wazee, lakini hili hawalicheki.

Ugomvi wenyewe ulianzia matangani, mwaka juzi, nyumbani kwa Lukudu. Adrabo alifika amechoka, akamkuta Lillian amekonda, anachota maji ya waombolezaji wote peke yake, na mabinti wa nyumba wamekaa kivulini wanabambua karanga. Hasira ikampanda.

"Mutoto yangu iko punda hapa?" akauliza, kwa sauti.

Lukudu hakuinua hata kichwa. "Hapa iko nyumba yake. Wewe iko mugeni. Mugeni anakula, ananyamaza."

Watu walicheka, si sana, lakini walicheka. Adrabo aliondoka bila kuonja chakula, na tangu hapo donge likamkaa rohoni. Msimu wa kufyeka ulipofika aliwatuma ndugu zake, yeye akajitia homa. Simu hakupiga. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, na mkewe, Santa, alikijua hata kabla hajaambiwa: Lukudu apige kwanza, aseme nimekosa. Lukudu, kwa upande wake, alikuwa akisubiri vivyo hivyo. Wanaume wawili wenye mvi, wamenuniana kama watoto waliogombania kiti!

Basi katika kununiana huko akaja Asumani. Huyu ni Mnubi wa Arua mjini, mtu wa adabu, Ijumaa kanzu na siku nyingine buti na filimbi shingoni. Alikuwa na kampuni ndogo ya kutembeza wageni, na alikuwa ameota njia ya matembezi: wapande Lobule, wafuate mgongo wa mlima, wateremke korongoni kwenye maporomoko, warudi wakiwa wameuona mpaka. Alimweka Adrabo kuwa msimamizi wa wafyekaji, kisha kiongozi wa wageni, akampa fulana ya kijani yenye picha ya mlima. Adrabo aliivaa hata kanisani.

Siku ya majaribio, wageni wawili walitangulia wenzao. Walipofika Juu badala ya kushika kushoto wakanyoosha mbele, wakashuka Congo wakipiga picha. Wanajeshi wa huko waliwakalisha chini mpaka jioni. Kesho yake Asumani alipanda Juu, kijasho kinamtoka, akasimama kwenye njia panda.

"Muzee, hapa tunafunga. Wageni wakipotea tena, mimi iko na shida na serikali. Kibao itakuja kutoka Arua. Sasa weka miti ya miiba."

"Hii kitu kwetu iko na maneno," Adrabo akasema.

"Maneno gani? Watu yenu wanajua njia. Hii iko ya wageni tu."

Asumani akashuka kwenda kushughulikia mambo yake. Adrabo akabaki peke yake na panga.

Ubaya wote umelala hapa, kwa hiyo tuutazame bila kupepesa. Angeweza kuyalaza matawi yakakingama. Angeweza kumpigia simu Jada, maana hapo Juu mtandao unashika vizuri, akamwambia kwamba ni mambo ya wageni, pitieni tu. Alijua pia kwamba Lillian ana mimba kubwa na kwamba ataletwa kujifungulia Lobule, kwenye kituo cha afya, kwa sababu upande wao mkunga yuko mbali. Santa alikuwa ameshatandika kitanda. Lakini tumbo, kwa hesabu za wanawake, lilikuwa na mwezi mzima mbele, na mwezi ni muda mrefu. Adrabo aliwaza: Lukudu atapanda kutafuta kuni, ataliona shina linamtazama, litamchoma. Atapiga simu. Atasema nimekosa. Hapo nitaondoa, na akileta maneno nitamwambia ilikuwa ya wageni, ulidhani nini? Akayageuza matawi, mashina yote yakaelekea Congo, akayakanyaga yakae sawa. Aliona raha. Alishuka mlima akipiga mluzi, mtu ambaye hapigi mluzi.

Haikupita wiki. Asubuhi moja alikuwa korongoni na kundi la wageni, wengine wa Kampala, wengine wa mbali zaidi. Walikuwa wamekaa juu ya mawe, miguu majini, maporomoko yakinguruma kando yao. Kutoka juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, zikaja sauti. Zilikuwa za watu, zimerefushwa na kuvunjwavunjwa na kuta za korongo, zinakuja na kupotea. Mwanamke mmoja wa Kampala aliinua kichwa.

"Muzee, hao wanaita nani?"

Adrabo alitega sikio kidogo. "Hapana kuita, madamu. Watu ya Congo wanafukuza nyani kwa shamba."

Mwanamke akacheka. Kijana mmoja akajaribu naye kufukuza nyani, akapiga ukelele, korongo likaurudisha, wote wakacheka, na Adrabo akacheka pamoja nao. Sauti za juu ziliendelea kwa kitambo, kisha zikakoma. Wageni walikula mayai yao ya kuchemsha, wakapiga picha, wakapanda wakifuata mgongo wa kushuka Lobule kwa upande mwingine, kama Asumani alivyoipanga njia. Juu hawakupita.

Uchungu ulikuwa umemshika Lillian kabla ya wakati, na mambo hayakwenda. Alfajiri walimlaza kwenye machela ya miti, wakampandisha, Jada mbele, ndugu zake nyuma, Lukudu ameshika fimbo anaonyesha njia. Walipofika Juu walikuta miiba, mashina yanawatazama.

Haya Jada ndiye aliyemweleza Adrabo baadaye, kwenye ukumbi wa hospitali ya Arua, amesimama mbele yake bila kumpa mkono. Alimweleza taratibu, na laiti angempiga.

"Mimi nilitaka kutoa. Baba alikataa. Alisema, hapana, mutoto atakufa, mwenyewe akuje atoe. Tulipiga simu yako, haiko kwa mtandao. Baba akapanda kwa jiwe, akaanza kulia jina yako. Mbele ya sisi wote. Alisema, Adrabo, mukwe, mimi nilikosa. Mimi nilikosa, kuja ufungue. Alisema mara mingi, mpaka sauti ilikufa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chini," Adrabo akasema. "Na wageni."

Walikuwa wamemshusha tena Lillian, wakatafuta bodaboda, wakazunguka kwa barabara kuu inayopita kituo cha forodha, safari ya kumvunja mtu mzima mifupa seuze mwanamke wa hali ile. Mtoto alifia njiani. Alikuwa wa kiume. Arua madaktari walimwokoa mama kwa kuutoa mfuko wa uzazi.

Asumani ndiye aliyemleta Adrabo hospitali, kwa gari la kampuni, na njia nzima alikuwa akilia machozi ya kweli. "Mimi nilikosa, muzee. Wewe ulisema iko na maneno, mimi sikusikia. Mungu anisamehe." Lobule nzima ilikuwa imemgeukia. Vijana walikuwa wameng'oa alama zake zote msituni na kuapa kuwafukuza wageni kwa mawe. Adrabo alimsikiliza mpaka Arua, na waliposhuka akampa mkono, akamwambia amemsamehe.

Lillian alikuwa amelala chali, uso umemwishia. Adrabo alikaa ukingoni mwa kitanda. Walizungumza Kilugbara, lugha yao ya nyumbani, polepole, kwa sababu hakuwa na nguvu.

"Baba, mama amesema miiba ilikuwa ya wageni."

"Ilikuwa ya wageni, mwanangu. Asumani alitaka wasipotee. Mimi niliwekeshwa tu."

"Wageni walikuwa wanatokea upande wetu wa Lobule."

"Ndiyo."

"Basi mashina yangewatazama wao." Alimwangalia, macho makavu. "Mimi nilikuwa kwenye machela, baba. Kichwa changu kilikuwa chini kuliko vyao. Niliyaona kabla yao."

Adrabo alifungua mdomo. Maneno aliyoyaandaa kwa siku ya Lukudu kupiga simu, yale ya ulidhani nini, yalikuwepo yote, tayari. Hakuyatoa. Aliona aibu, aibu nzito ya mtu aliyepewa alichokitaka.

"Mama sijamwambia," Lillian akasema, akageukia ukutani. "Wewe utamwambia."

Nyuma ya wodi kuna uwanja ambapo jamaa wa wagonjwa hupika, mafiga kila mahali, moshi, masufuria. Santa alikuwa hapo, anasonga ugali wa muhogo na mtama, na wanawake wa mafiga ya jirani walikuwa wamemsogelea kumpa pole. Aliwasimulia tena habari yote tangu mwanzo, Asumani, viatu, picha, miiba, na kila alipofika kwenye neno wageni aliutwanga mwiko kwenye sufuria. Wanawake waliguna. Mmoja akasema huenda kuna jambo jingine, watu hawafungi njia hivi hivi. Santa alimkata kauli, akamwona mumewe anakuja, akamwonyesha kwa mwiko.

"Muulizeni mwenyewe, baba yake huyo hapo. Si wageni walioniulia mjukuu?"

Wanawake wote wakageuka, wakangoja. Santa alikuwa ameshampakulia, sahani mkononi, macho mekundu kwa moshi na kwa kulia, akimtazama kwa imani ya mke aliyemtetea mume wake kijiji kizima na hospitali nzima.

"Ndiyo," Adrabo akasema. "Ni wageni." Akapokea sahani, akaketi, akala.