Mtupa Majina wa Tshopo

Mwanahamisi binti Rashidi ana miaka sitini na mmoja, mashine moja ya kushona, na sauti iliyokwaruza tangu ujana. Ukipita komini ya Tshopo, kwenye barabara inayoteremka mtoni, utamkuta barazani pake ana sindano mdomoni na utepe wa kupimia shingoni. Usimsalimie kabla hajaitoa hiyo sindano. Atakuitikia nayo hivyo hivyo, na roho itakayoruka ni yako, si yake.

Vijana wanaompelekea suruali kupunguzwa hawajui kwamba mama huyu alikuwa mwanamuziki. Miaka kumi alisimama nyuma ya orkestra moja ya hapa mjini, kazi yake kutupa libanga. Kwa asiyejua, ni hivi: wimbo ukikolea, mtu mmoja anashika maikrofoni na kutaja jina la mkubwa aliyeketi mbele, na mkubwa huyo lazima ainuke, apunge leso, watu wamwone. Mwanahamisi aliijua kazi hiyo kuliko wanaume wote wa bendi. Jina kwanza. Kisha unamngoja asimame. Akishasimama ndipo unataja alichofanya, maana aliyekwisha kusimama hawezi kuketi tena bila aibu.

Alitaja wakurugenzi, wafanyabiashara, maofisa, na wake wa pili wa maofisa. La kwake halikutajwa hata siku moja. Kwenye jalada la kanda yao pekee, wapigaji wote waliandikwa mmoja mmoja mpaka mbeba ngoma, na yeye akawa "na wengine". Baba yake, mtu wa msikitini, alimshukuru Mungu kwamba jina la binti yake halikuonekana. Binti mwenyewe alilia siku mbili, halafu akaenda kujifunza kushona.

Mwaka jana ndipo alipokuja Grâce. Huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mmoja wa wasichana wanaosema "mi iko féministe" bila kupunguza sauti, hata mbele ya mashemasi. Alitaka wanawake wa mtaa waandae mchezo wa kuimba kwa ajili ya tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake, habari ya mjane anayefukuzwa nyumbani kwake. Ili wajifunze, alileta filamu za kuimba kwenye simu yake, akaiegemeza kwenye mashine ya Mwanahamisi, na wanawake tisa wakabanana kuitazama. Utamu ukifika tu, Grâce anaisimamisha. Ilikuwa inaudhi kweli.

"Angalieni," alisema. "Mutu moja iko mbele, anaimba shida yake. Nyuma iko batu thelathini wanacheza. Wimbo ikiisha, wale thelathini wanaenda wapi?"

"Wanaenda kupika," Mwanahamisi alijibu.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Grâce hakucheka, aliliandika jibu hilo kwenye daftari lake. Akawaambia kwamba ukitaka kumjua mwenye nguvu ndani ya filamu kama hiyo, usitazame nani mzuri, tazama nani anapewa nafasi ya kuimba peke yake. Na wale wa nyuma, je, kuna aliyewauliza kama wanataka kusimama nyuma? Mwanahamisi aliinamia kitambaa chake akakosea mshono. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo mbele yake, na lilimchoma.

Mjane wa kweli alikuwa hapo hapo barazani. Aliitwa Pélagie, mwanamke mpole wa safu ya nyuma, anayeimba kama anaomba radhi. Mume wake Kasongo, fundi seremala, alifariki mwezi wa kumi na moja. Matanga hayajapoa, kaka ya marehemu, Désiré, akaja na kufuli. Nyumba ni ya ndugu yangu, alisema, wewe ulikuja hapa na valizi moja ya nguo. Tangu siku hiyo Pélagie na watoto wake wawili walilala kwa Mwanahamisi, nyuma ya pazia, katikati ya mafungu ya vikwembe, vitenge vya wateja. Alfajiri Mwanahamisi huwaruka mmoja mmoja kwenda kuwasha jiko, na akimkuta mdogo amejifunua humfunika kwa nguo ya mtu, mwenye nguo asijue.

Chef wa mtaa, Papa Aboubakar, alipanga kulisikiliza shauri hilo Jumatatu tarehe tisa Machi, siku moja tu baada ya sikukuu. Alimwambia Pélagie alete watu wa kusema kwamba nyumba aliijenga pamoja na mumewe. Watu! Mtaa mzima ulimwona akikanyaga tope la matofali na mimba ya miezi saba. Lakini Désiré ndiye mwenye jenereta na spika. Bwawa la umeme liko hapo juu, maji yake unayasikia ukiwa kitandani, na taa haziwaki. Harusi, sala, matanga, yote yanapita kwa Désiré, na anayemuudhi atazika mtu wake kimya kimya. Kwa hiyo kila Pélagie alipobisha mlango, watu walitazama chini.

"Mama, tutupe majina yao jukwaani," Grâce alisema. "Chef ataketi pale mbele. Jina kwanza, watainuka tu."

Mwanahamisi alikataa. "Mi nilitaja batu miaka kumi, sikuuliza mutu. Na mi mwenyewe hakuna aliniuliza kitu. Safari hii naomba ruhusa."

Akaomba kweli. Kila mwanamke alipokuja kupimwa sare ya sikukuu, alimuuliza utepe ukiwa kiunoni: naweza kusema Jumapili kile ulichofanya kwenye nyumba ya Pélagie? Wa kwanza alikuwa Aïcha, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyebeba maji ya tope.

"Usinitaje, mama," Aïcha alisema, machozi yamemjaa. "Mutoto wangu anaolewa mwezi wa tano. Nitamuoza bila muziki?"

Aliuliza wanane na wote wanane wakakataa. Aliwashonea vizuri vile vile, wala hakumbana hata mmoja kifuani, ingawa kishawishi kilikuwapo.

Jumamosi akaja Désiré mwenyewe, viatu vinang'aa. Atatoa mashine yake ya sauti kwa ajili ya sikukuu, alisema, hataki kitu. "Ila utupe jina yangu, mama. Mbele ya chef. Na uitupe muzuri."

Mwanahamisi alitoa sindano mdomoni. "Bon, Papa Désiré. Umeniomba mwenyewe."

Pélagie aliyasikia hayo nyuma ya pazia na hakugusa chakula. Mwanahamisi alichukua sahani akaketi chini karibu naye, akamega fufu, akamwekea mkononi kama mtoto.

"Niamini kidogo tu, mwanangu. Na jina yako wewe, naweza kuitaja?"

Pélagie alimtazama sana, kisha akaitikia kwa kichwa. Akala.

Jumapili ua wa shule ulijaa. Viti vya mbele, kama kawaida, wanaume wakubwa. Wenye sikukuu yao walisimama. Grâce aliimba mbele nafasi ya mjane, wanane wakiwa nyuma yake katika sare ya kikwembe kimoja, na Pélagie pembeni kabisa. Mwanahamisi aliketi kwenye kigoda nyuma ya ngoma, mahali alipopazoea. Wimbo ulipokolea alishika maikrofoni.

"Papa Désiré," alisema, akanyamaza.

Désiré alikuwa wima kabla jina halijaisha, leso juu. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Mwanahamisi alimwachia ashibe.

"Mukubwa wa ukoo. Siku bati zilipanda juu ya nyumba ya Kasongo na Pélagie, ulikata mbuzi. Ukasema mbele yetu sote: shemeji, umejenga sawa na mwanaume."

"Kweli kabisa," Désiré aliitikia kwa furaha, "na ilikuwa mbuzi mukubwa."

Papa Aboubakar aliacha kujipepea. Ndipo Désiré aliposikia mwenyewe alichokisema. Tabasamu likamganda, leso ikashuka, akaenda moja kwa moja kwenye jenereta yake akaizima. Maikrofoni ikafa.

Mwanahamisi alibaki na kile chuma mkononi. Majina mengine anayo, manane, yamejaa mdomoni, na ameahidi kutoyasema. Mbuzi mmoja hatoshi kurudisha nyumba. Aliogopa, tuseme ukweli.

Ndipo Aïcha alipotoka safu ya pili, akapita mbele ya Grâce.

"Mi Aïcha," alisema, bila spika. "Nilibeba maji ya tope mwezi muzima. Pélagie, njo yeye alikuwa anakanyaga."

Akafuata mwingine. "Mi Hélène. Nilipika siku ya msingi." Na mwingine, na mwingine, kila mmoja jina lake kwanza, kisha alichofanya, mpaka wote wanane wakawa mbele na nyuma hakubaki mtu ila Mwanahamisi na ngoma. Grâce alijikuta katikati ya mstari kama wenzake, daftari lake likiwa mikononi mwa Papa Aboubakar, ambaye alikuwa anaandika.

"Polepole," chef alisema. "Hélène na nani? Bon. Désiré, kesho asubuhi uje na ufunguo."

Watu walianza kuimba tena, bila mashine, wakipiga makofi. Pélagie aliinua mkono wanyamaze. Mwanamke anayeimba kama anaomba radhi alivuta pumzi, na sauti yake ikafika mpaka barabarani.

"Mwanahamisi binti Rashidi," alisema. Kisha akanyamaza, akangoja.

Nyuma ya ngoma, Mwanahamisi hakuelewa mara moja kwamba anaitwa yeye. Watu waligeuka wote. Alikuwa amewatazama mamia wakiinuka, anajua hatua zote, na sasa hakujua mikono aiweke wapi. Leso hakuwa nayo. Aliuvua utepe wa kupimia shingoni, akasimama, akaupunga juu ya kichwa chake huku analia waziwazi. Pélagie alihakikisha kwanza kwamba amesimama vizuri, ndipo akaanza kutaja.