Kikanda Nilichokikataa

Jumamosi iliyopita nilikamatwa tena. Nilikuwa nimesimama katikati ya soko la Katuba, suti ya kijivu mwilini, gari nimeliacha kando ya mfereji, na mkononi kipande cha kikanda kinachotoa mafuta ya karanga mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, mbele yangu alikuwa amesimama mama wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu wa mwisho. Alinisalimu jinsi mtu anavyomsalimu mwenzake aliyemkuta anaoga. Habari ilifika nyumbani kabla ya gari langu.

"Papa," mke wangu akaniambia mlangoni, "weye muntu mukubwa hivi, ingénieur muzima, unakula mu njia na bidole? Bale bantu batasema nini juu ya mutoto yetu?"

Nilimjibu kwamba watasema baba yake bado ana meno yote.

Rafiki yangu, wewe unanijua. Mimi ni mhandisi wa madini. Diploma ya kwanza niliipata hapa hapa Lubumbashi nikisoma kwa taa ya mafuta. Ya pili niliipata Ulaya huku nikiosha vyombo vya watu. Zote mbili zimetundikwa sebuleni kwangu, na mgeni huziona kabla hajaniona mimi. Nyumba hii ya orofa niliijenga mwenyewe baada ya miaka kumi na tisa ya baridi ya kwao. Sikurithi hata kitasa cha mlango. Kwa hiyo daktari anaponikataza chumvi na mafuta, mke anaponikataza soko, na watoto walio ng'ambo wanaponikaripia kwa simu, mimi huwasikiliza wote kwa heshima. Jumamosi ikifika, niko Katuba. Wanadhani ni tamaa ya mzee. Tamaa ipo, siikatai. Lakini kuna pia jambo jingine, na hilo sijawahi kumsimulia mtu.

Kwa wasomaji wa mbali, nieleze kwanza chakula chenyewe. Kikanda hukatwa kama soseji lakini si nyama. Kuna viazi vidogo vya porini, vidogo kama kidole gumba, vinavyochimbwa kwenye mabonde ya majimaji upande wa Lukafu. Hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na soda kidogo, kisha hupikwa mpaka mwiko usimame wenyewe. Halafu makaa huwekwa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko. Kikipoa unakikata kwa kisu, na ile ngozi ya juu inanukia moshi na karanga kwa pamoja. Hakuna kitu cha namna hiyo Ulaya. Nilitafuta.

Jirani yetu wa Katuba alikuwa akikipika na kukiuza sokoni. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na hakuwa na kazi nyingine. Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na ua wa majani wenye tundu moja, la kuku na la watoto. Kila alasiri nikitoka shule nilipita kwenye tundu hilo nikamtwangia karanga. Mchi wake ulikuwa mzito kuliko mimi. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko lake la makaa, akipuliza moto, akinitania. Aliniita bwana yake mdogo, kama kina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wa kiume wa jirani, akiniambia nitwange vizuri maana mume mvivu atamrudisha kwao. Mshahara wangu ulikuwa ukingo wa sufuria, ile sehemu iliyoungua kidogo, ngumu pembeni na laini ndani. Nilikula nikiwa nimejificha nyuma ya ukuta wa jiko lake, nikatafuna jani la mlimau kuua harufu, nikarudi kwetu na uso wa mtakatifu.

Nilijificha kwa sababu ya baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja kutoka Kasai kwa treni akiwa na sanduku la vitabu na jozi moja ya viatu, na aliamini kwamba mgeni katika mji lazima anyooke kuliko wenyeji. Viatu vyetu viling'aa. Mezani tuliongea Kifaransa. Na kulikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: "Mutoto wa mwalimu hakuli mu njia. Njia iko ya miguu, haiko ya mudomo." Kula barabarani, kula sokoni, kula kwa jirani bila kualikwa, vyote hivyo kwake vilikuwa ndugu wa wizi.

Basi nikafaulu mtihani wa kuingia kwenye koleji ya mapadri katikati ya mji, wa kwanza katika barabara yetu yote. Sisemi ili nijisifu, ingawa nina haki. Siku ya kwanza nilisimama langoni na shati jeupe, kati ya watoto walioteremka kwenye magari ya baba zao. Nikamwona jirani anakuja. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Katuba. Siku ile hakuuza. Alikuwa amepika kikanda kizima kwa ajili yangu, akakifunga kwenye jani la mgomba, na alikibeba mikononi kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

"Bwana yangu," akaniita kwa sauti yake ya sokoni, "kamata. Ukule na benzako."

Watoto wa mjini wakacheka. Mmoja akauliza kwa Kifaransa kama huyo ndiye mke wangu. Masikio yakaniwaka moto. Nikakumbuka sheria ya baba, au labda niliikumbuka kwa sababu ilinifaa. Nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Sikuli bintu yako, mama."

Alibaki ameshika lile jani, kisha akageuka.

Wewe uliyekulia hapa umeshaona nilichokifanya. Kwetu chakula hakikataliwi hivyo. Kama umeshiba, unachukua hata punje, unaigusa mdomoni, unashukuru. Anayekataa kabisa, tena mkono uliomlisha miaka miwili, anasema neno moja tu: najua unatia nini humo. Na langoni pale palikuwa na mama mmoja wa Katuba aliyemleta mwanawe, muuza kapenta, wale dagaa wakavu, ambaye meza yake sokoni ilipakana na meza ya jirani yetu. Kabla jua halijazama soko zima lilikuwa linasema: mtoto aliyekuwa anamtwangia karanga amekataa, basi kuna kitu alichokiona.

Kesho yake beseni lilirudi limejaa. Siku iliyofuata likarudi limejaa tena. Kikanda hakilali siku nyingi. Nilimwona akikimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, na kuku wakikila. Wiki ya pili mchi ulinyamaza. Sijui kama umewahi kusikia mchi ulionyamaza. Neno mulozi, yaani mchawi, likaanza kutembea barabarani kwetu, kwanza kwa kunong'ona, baadaye watoto wakalitamka wazi wakipita mbele ya nyumba yake na kukimbia. Mwenye nyumba akamwambia kwamba mwezi ukiisha atafute mahali pengine. Na mwanamke aliyefukuzwa kwa jina hilo, Lubumbashi nzima hapati mlango.

Mama yangu ndiye aliyeyajua yote, kwa wanawake kisimani. Alimweleza baba mezani, mbele yangu. Nilingoja mkanda. Baba aliweka chini tonge la bukari, ugali wetu, akanawa mkono polepole, akauliza swali moja tu, tena kwa Kiswahili, yeye ambaye mezani hakukitumia kamwe.

"Ulikatala juu ya nini?"

"Juu ya sheria ya njia, papa."

Alinitazama usoni. Kisha akatazama viatu vyangu.

Jumamosi alivaa abakosti, suti yake ya sherehe isiyo na tai, ile ya kwendea ugawaji wa vyeti, akanishika mkono, tukaenda sokoni. Jirani alikuwa nyuma ya meza yake, beseni la kikanda cha unga wake wa mwisho limefunikwa kitambaa, nzi wala mtu hakuna. Soko likapunguza sauti. Nusu ya watu pale baba alikuwa amewafundishia watoto wao kusoma. Akaomba vipande viwili.

Jirani hakugusa kisu. "Hapana, mwalimu," alisema. "Nisiuwe mutoto yako."

Muuza kapenta akainama kupanga samaki waliokuwa wamekwisha kupangwa.

"Basi tutakufa wawili," baba akasema. "Kata."

Akakata. Baba yangu, mtu aliyekula embe kwa uma, alikula kikanda kwa mkono, amesimama, katikati ya njia ya soko, mafuta yakimtiririka kwenye mkono wa abakosti, unga wa karanga kwenye masharubu. Hakuharakisha. Alipomaliza akaomba kingine. Mimi nilikula changu huku machozi na pilipili vikichanganyika.

Lakini soko si jinga. Watu walisema dawa ya namna hiyo haiui siku hiyo hiyo, tungojee. Kwa hiyo ilitubidi tuishi, tena tuishi mbele ya macho yao. Asubuhi na jioni baba alipita sokoni bila kununua kitu, akiwasalimu wauza nyama, akiulizia bei ya vitunguu asivyovihitaji. Mimi nilitumwa chumvi, kiberiti, kisha chumvi tena, na kila nikipita nililazimika kula kipande kimoja mezani kwake.

Siku ya nne niliamka na homa. Malaria ya kawaida, ya kila mtoto, lakini katika wiki ile hapakuwa na malaria ya kawaida. Mama alinigusa shingo, akakaa kitandani. Halafu akanipa kwinini, akanivika sweta ya kaka yangu kuficha kutetemeka, akaniosha uso kwa maji ya baridi na kuniambia niende sokoni, nicheke.

Nilikwenda. Ardhi ilikuwa laini kama godoro. Nilifika mezani kwa jirani, muuza kapenta ananitazama bila kupepesa macho, na mdomo wangu ulikuwa mchungu wa kwinini kiasi kwamba kikanda kilinukia kama kutu. Jirani alinitazama mara moja akajua. Alijifanya ananifuta makombo usoni, akaacha kiganja chake kwenye paji langu, akaniinamia.

"Kula pole pole, bwana yangu," alisema chini chini. "Ukianguka hapa, mi nimekwisha."

Nimefanya mitihani mingi maishani. Nimetetea kazi yangu mbele ya maprofesa watano kwa lugha ambayo si ya mama yangu. Hakuna mtihani ulioshinda kipande kile kwa ugumu. Nilitafuna, nikameza, nikazuia tumbo kwa mkono ndani ya sweta, nikamwambia muuza kapenta kwamba leo pilipili imekolea. Nikaomba cha pili. Kisha nikatembea mpaka kona ya kanisa nikiwa nimenyooka kama mwana wa mwalimu, nikapita kwenye tundu la ua, na huko nikaanguka kati ya kuku.

Wa kwanza kurudi kununua walikuwa mafundi wa baiskeli, watu wasioogopa chochote. Wiki iliyofuata walikuja kina mama. Muuza kapenta alikuwa wa mwisho. Alinunua kipande kidogo, akakila papo hapo bila kusema neno, na hiyo ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Mwezi uliisha, na mwenye nyumba hakuzungumza tena habari ya kuhama. Sheria ya njia baba hakuifuta, wala hakuitamka tena mpaka alipofariki. Ila Jumamosi alianza kwenda sokoni peke yake na gazeti kwapani, akarudi na masharubu yanayonukia karanga, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Mimi sikumwomba jirani msamaha kwa mdomo. Nilidhani muda upo. Nikaenda kutafuta diploma zangu, naye akahamia Kasenga kwa binti yake, karibu na mto, na huko akazikwa. Niliporudi ua ulikuwa umekatwa, nyumba zote mbili zimevunjwa, na mahali pa mchi pamejengwa duka la simu.

Kwa hiyo waache waseme. Wanaona mzee aliyeshindwa na tumbo lake, waone. Mimi nitakula kwa mkono, nimesimama, mchana kweupe, mbele ya wakwe wa binti yangu na wakwe wa watu wote.

Kinachoniuma si maneno yao. Katika mtaa ninaoishi sasa kuta zina mita tatu na nyaya juu yake. Hakuna tundu. Hakuna anayeweza kukataa chakula cha jirani kwa sababu hakuna anayekitoa. Mwezi uliopita alihamia mtu mpya ng'ambo ya barabara, kijana mwenye magari mawili. Nilimpelekea sahani ya kikanda kwa mkono wa mlinzi wangu. Mlinzi wake akairudisha ikiwa bado imefunikwa: bosi anashukuru, wamekwisha kula.

Nilichukua sahani ile mwenyewe, nikavuka barabara, nikabonyeza kengele mpaka bosi akatoka, na tai yake shingoni. Nikamsalimu. Kisha, pale pale langoni, nikachukua kipande cha kwanza nikakila mimi, kama anavyopaswa mtu anayempa mwenzake chakula, na nikamnyooshea sahani. Alitazama sahani, akatazama mdomo wangu. Akatazama barabara kama kuna anayetuona.

Sikuondoka. Niliendelea kutafuna.