Mtumbwi wa Baba Mkwe

Msinionee huruma, aibu hii niliitafuta mwenyewe. Sisi watu wa Kipini tunajiona mafundi wa fumbo. Neno hufumbwa kama ngumi, na mwerevu ndiye hulifumbua.

Majuzi nilikwenda Chara na mama yangu kuposa binti wa mkulima wa Kipokomo. Tukakubaliwa. Tulipotaka kuvuka mto kurudi kwetu, mzee akaniambia, "Mwanangu, mtumbwi wangu unavuja."

Nikatabasamu. Kumbe mahari hayakumtosha! Nikamwongezea doti ya kaniki. Akaipokea kwa mshangao.

"Ahsante, lakini unavuja."

Nikavua kilemba changu, nikampa. Akarudia yale yale. Hapo nikapandwa na hasira, nikamwambia mbele ya watu wake, "Mzee, fumbo lako nimelifumbua. Tamaa sasa basi!" Nikampakia mama, nikashika kafi.

Katikati ya mto tukazama.

Walitutoa kwa kamba, mama akitapika tope, binti akijiziba uso. Mzee akanirudishia kaniki na kilemba, vyote vikavu, kisha akasema polepole, kama anayemfunza mtoto:

"Harusi hakuna. Na hili si fumbo."