Mjomba Aliposema "Imepita"

Wiki iliyopita vijana walinivunjia benchi. Benchi la mninga, msomaji wangu, siyo hizi mbao laini za kuokoteza. Nalitaja ujue mapema unaongea na nani. Mimi niliyeishia darasa la saba ndiye mwenye ukumbi wa mpira hapa Janga, wenye runinga kubwa kuliko zote ukianzia hapa mpaka Ruvu, sola juu ya bati, feni darini, na mashine yangu ya kufyatulia tofali pale nyuma. Watu wanauita kibanda umiza. Mimi nauita ukumbi. Kinachoumiza mle ni matokeo tu.

Ugomvi wenyewe haukuletwa na goli, uliletwa na mtangazaji. Fundi baiskeli, jirani yangu, alisimama akainyooshea runinga kidole: "Huyu ana kadi ya timu yao! Sikilizeni anavyolitaja jina la mshambuliaji wao, kama anabembeleza mtoto!" Hajakaa vizuri, muuza samaki wa upande wa pili naye kainuka: "Koma! Si huyu huyu juzi alituzika kabla hatujafa? Huyu wenu, kwenu kala mpaka pilau!" Mtangazaji mmoja, sauti moja, inatoka kwenye spika yangu mwenyewe, na kila upande unaapa kwamba anauchukia wao. Nikazima sauti. Nikashika maiki ninayoitia wateja, nikawaambia leo natangaza mwenyewe, kwa haki, kama alivyotangaza mjomba wangu zamani. Mpira ukapigwa, ukaelekea langoni, nikapaza: "Imepita!"

Walicheka mpaka benchi likavunjika. "Imepita wapi, bosi? Si umegonga mwamba, tunauona!" Na kitoto kimoja kikaongeza: "Halafu ni umepita, bosi. Mpira umepita. Shule hiyo!"

Benchi nimeshalitengeneza. Neno ndilo limenikaa kifuani, maana lile neno ninalijua linakotoka, na sijawahi kujua lilikuwa na maana gani.

Nilikulia kwa bibi mzaa mama, huko Maneromango, kwenye vilima vya mikorosho. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinuka mabibo, tamu na kali pamoja, nzi wamelewa, watoto tuna madoa kwenye nguo ambayo sabuni haiyajui. Asubuhi tuliokota korosho, mchana tulimenya muhogo wa kuanika, na alasiri, kama kuna mechi, hakuna mtoto aliyeonekana nyumbani. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko. Magoli ya mianzi, nyavu hakuna. Nyuma ya goli la juu kulikuwa na kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu ndipo aliposimama mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa bibi, akitangaza kwa honi ya fundi redio iliyounganishwa na betri ya gari. Ile honi ilisikika mpaka mashambani. Bibi hakuwahi kuuona uwanja. Mpira wote aliujulia jikoni, huku anakuna nazi.

Na mjomba alipendelea, we! Alipendelea waziwazi, bila haya. Mchezaji wetu akianguka, "kachinjwa jamani, kachinjwa mchana kweupe!" Wa kwao akianguka, "kajikwaa mwenyewe, miguu fito ile." Wetu walikuwa na majina na sifa na majina ya mama zao. Wa kwao wote walikuwa "yule". Siye tulipenda mpaka tukagaagaa. Wageni walimrushia mabibo yaliyooza, honi ikatapakaa, na yeye akayatangaza hayo hayo: "Mashabiki wao wanatuletea matunda, tunashukuru!"

Sasa, mjomba alikuwa ameoa kijiji cha bondeni, mahasimu wetu wakubwa. Golikipa wa bondeni alikuwa shemeji yake. Kumtania shemeji si kosa, ni haki yako kabisa, na mjomba aliitumia haki hiyo kwa honi. Alimwita mlango wa choo, kila mtu anaingia. Watu wakacheka, na shemeji mwenyewe kacheka. Lakini mdomo ukishashika moto hauna breki. Mjomba akaongeza: "Na kudaka kafundishwa na baba yake!"

Wanawake wakajifunika midomo kwa khanga. Shemeji ni wa kutania, mkwe ni wa kuinamia, ndivyo alivyotufundisha bibi. Kumtia mkwe wako kwenye honi ni kumvua nguo sokoni. Jioni ile mkaza mjomba alifunga khanga zake, akasema, "Siwezi kulala na mtu aliyemtukana baba yangu mpaka mikorosho imesikia," akateremka zake bondeni kwao.

Mjomba alikonda. Alituma wazee kwenda kuomba radhi, wakarudi. Alituma wengine, wakarudi na neno moja. Baba mkwe kasema wazee wa kukodi hawataki. Mechi ya marudiano atapanda mwenyewe, na mjomba atangaze. "Nitausikiliza mdomo wake uwanjani, huko huko uliponitukania. Kisha nitajua kama mwanangu arudi."

Vijana wetu nao wakapata habari. Wakamfuata mjomba jikoni kwa bibi, mimi nikiwepo, nakula makoko ya wali. "Mjomba, shikamoo. Tumesikia una mkwe jukwaani. Ukiwapendelea bondeni, ile honi tutakuvisha kichwani kama kofia." Bibi ndiye aliyejibu: "Tokeni! Weye na weye, mna wake nyinyi? Mnajua kitanda cha mtu mmoja kilivyo kipana?"

Siku ya mechi bondeni walipanda karibu wote, na mbuzi wa zawadi kafungwa kwenye mkorosho, analia. Baba mkwe alikaa kwenye kiti alichobebewa kutoka kwao, kanzu safi, bakora katikati ya magoti, sikio la kulia kalielekeza kwenye kichuguu. Wala hakuwa anatazama mpira.

Mjomba alitangaza kama anasoma tangazo la mazishi. "Mpira uko uwanjani." Kimya. "Mchezaji anao mpira." Kimya. "Sasa anao mwingine." Wetu wakaanza kuzomea: "Kanunuliwa! Kanunuliwa kwa ubwabwa wa ukweni!" Bondeni nao wakazomea: "Mnafiki! Kwa nini hamtaji golikipa wetu? Ana kinyongo!" Unaona? Hata kunyamaza kwake kila mtu alikusikia kwa sikio lake. Jasho lilimtiririka nikaliona, kwa sababu mimi nilikuwa pale pale, nimeegemea mlingoti wa goli la juu. Hakuna shabiki aliyekuwa karibu kuliko mimi. Nafasi nzuri nilijua kuitafuta tangu utoto.

Mechi inaelekea kwisha, bila bila, mshambuliaji wetu akaufumua kutoka mbali. Jua lilikuwa limeinama usawa wa macho, vumbi jekundu. Shemeji aliruka. Mpira ukapita kwenye mlingoti, upepo wake nikausikia shavuni, ukazama kwenye vichaka. Nyavu hakuna. Refa, ambaye ni mwalimu wetu wa shule, alikuwa bado anakimbia kutoka katikati na makubadhi yake. Watu wote, wetu na wao, wakageuza shingo kutazama kichuguuni. Na mjomba, sijui roho gani ilimwingia, sauti yake ya zamani ikarudi, nzima, ikapasua:

"Imepita! Jamani, imepitaaa!"

Wetu wakarukaruka, imepita, yaani ndani, goli. Bondeni wakarukaruka, imepita, yaani pembeni, nje. Umati mzima unashangilia, wanakumbatiana mpaka watu wa pande mbili, kisha wakaanza kushtukiana. Wewe unashangilia nini? Na wewe je? Mwalimu akafika akihema, filimbi mdomoni: "Imepita ndani au nje?" Honi kimya. Fundi redio kainua mikono, betri imekufa, Wallahi imekufa. Kama ilikufa yenyewe au ilisaidiwa, fundi kafa na siri yake.

Baba mkwe akainuka. Alikatiza uwanja na bakora yake, watu wanampisha. Mjomba akashuka kichuguuni haraka, akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Imeingia, haikuingia?"

Mimi nilikuwa hapo, hatua chache. Mjomba hakuinua kichwa. "Baba," akasema, "imepita."

Mzee akagonga bakora chini. "Haya. Keshokutwa njoo na wazee wako, na usiwatume tena kama barua. Uje nao."

Refa alitangaza marudiano ya marudiano. Mvua za vuli zikaja, barabara ikafa kama kawaida yake, mechi haikuchezwa. Mbuzi asiye na mwenyewe akawekwa kwa bibi, akamaliza kisamvu chote, na hakuna aliyethubutu kumchinja maana alikuwa wa vijiji viwili. Mkaza mjomba alirudi, na kuku mkononi.

Nilipofika nyumbani jioni ile nilimkuta bibi amekaa na mbuzi ya nazi, anatabasamu peke yake. Jirani akanisimulia kuwa honi iliposema imepita, bibi alipiga kigelegele. Nikamuuliza: "Bibi, kwani uliona ni goli?"

"Goli gani, mume wangu?" alinijibu. "Miye nimesikia shari imepita."

Na Jumatatu mwalimu kasimama ubaoni, hasira bado anazo, akaandika: Mpira umepita. Akatugeukia: "Mpira, umepita! Siyo imepita! Yule bwana sijui alikuwa anazungumzia nini." Hilo ndilo somo pekee la sarufi nililolishika maishani, na badala ya kunifumbua macho limenifunga. Maana mjomba Kiswahili anakijua, kazaliwa nacho. Sasa kama siyo mpira, nini kilipita?

Na mimi niliyekuwa mlingotini? Ndugu yangu, nikifumba macho leo naona mpira unapita ndani. Nikifumba tena, unapita nje. Shavu langu ndilo lenye uhakika, na shavu halijui ndani wala nje.

Basi baada ya benchi kuvunjika nikawasha gari, langu mwenyewe, nikavuka mpaka Maneromango. Uwanja haupo, wamepanda mikorosho mipya. Kichuguu hakipo, walikichimba udongo wake wakafyatulia tofali. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa tofali, siwezi kuwalaumu, mimi mwenyewe ningechimba. Nilimkuta mjomba barazani, sikio moja limezeeka. Nikamsalimu, nikampa sukari na kitenge cha mkewe, kisha nikamwinamia sikioni: "Mjomba, ile siku ya marudiano. Ilikuwa goli, haikuwa goli?"

Alifikiri. Alicheka kidogo bila meno.

"Ile?" akasema. "Imepita, mjomba."

Nikamgeukia mkaza mjomba, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, nikamwambia basi weye niambie, baba yako alisikia nini mpaka akakurudisha?

"Mwanangu, ya baba siyajui," alisema, hata ungo hakuuweka chini. "Siku ile miye sikupanda uwanjani. Nilikuwa ndani nafunga khanga zangu za kurudi kwa mjomba wako. Walipoanza mpira, zilishafungwa."

Nimerudi Janga kwenye benchi langu. Jumapili kuna mechi, sauti nitaiacha ya mtangazaji, na wao waapizane watakavyo. Picha itarudiwa polepole, kila mtu ataona mpira ulipoishia, na bado watagombana. Sisi kule Maneromango hatukuona chochote, na tulishangilia wote. Najiuliza ni lipi kati ya haya mawili ndilo mpira, na jibu sina. Nina runinga kubwa tu.